Kufungua duka la wajawazito Tanga na shoga yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanawake wawili wanaoelewana, wenye mtaji wa kuungaunga, wanaotaka kufungua duka dogo la mahitaji ya mjamzito na mzazi hapa Tanga mjini. Mimi na mwenzangu tumo kwenye kazi hii, na maswali tunayoulizwa kaunta na kwenye simu yanafanana sana. Yanayohusu urafiki na pesa nimeyajibu kwa kirefu, maana huko ndiko ninakoona wengi wakikwaruzana.

Tanga wanawake wanavaa madera na kanga. Duka la wajawazito litauza nini?

Swali hili lijibuni kabla hamjalipa kodi ya fremu. Dera halina kiuno. Mimba ya miezi mitatu inaingia, ya miezi tisa inaingia, na mtoto akishazaliwa linaendelea kuvaliwa. Mkijaza henga kwa magauni ya wajawazito kwa sababu mmeyaona Dar yanapendeza, yatapauka hapo hapo. Mama wa Tanga hana shida ya nguo ya kushindia nyumbani.

Shida yake iko kwenye nguo za ndani. Sidiria ya kunyonyeshea inayofunguka kikombe kimoja kimoja, chupi ya pamba inayopita chini ya tumbo bila kubana, shimizi laini. Vitu hivi kuvipata kwa saizi kubwa ni kazi, na mwanamke anaona haya kuviulizia kwenye meza ya barabarani wanaume wakipita.

Halafu kuna mama mwenye kazi ya ofisi: mwalimu, muuguzi, karani wa benki. Huyu haendi kazini na dera. Anataka sketi au suruali ya kitambaa yenye mpira mpana tumboni, na blauzi ndefu yenye vifungo mbele ambayo ataivaa tena akiwa ananyonyesha. Mkumbukeni vilevile akirudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kila siku wa kunyonyesha. Maana yake ni kwamba likizo ikiisha anarudi dukani kwenu akitafuta pedi za matiti na nguo zinazofunguka haraka. Mteja huyu tunampenda sana, kwa sababu anajua anachotaka na anarudi.

Mwisho kuna mzazi aliye ndani ya siku arobaini: pedi za uzazi, nepi za vitambaa, mbeleko, beseni, dera lenye zipu kifuani. Hapa mafundi wa Ngamiani watawasaidia. Nunueni madera ya kawaida, mpelekeeni fundi aweke zipu mbili zilizofichwa kwenye mshono, mmepata bidhaa ambayo jirani hana.

Mbona wajawazito wanaangalia tu vitu vya mtoto, hawanunui?

Wengi wanaogopa kujaza nguo za mtoto ndani kabla hajazaliwa. Wapo wanaoogopa husda, wapo walioambiwa na mama zao kwamba si vizuri. Msibishane nao wala msiwacheke. Sisi tunawawekea vitu dukani: mama anachagua, analipa kidogo kidogo kila akija kliniki, tunaandika jina kwenye mfuko na mfuko unakaa kabatini mpaka atume mtu kuuchukua. Moyo wake unatulia, na siku ya uchungu haikuti familia inahangaika na pesa.

Utaratibu huu una masharti. Kila malipo yapewe stakabadhi, hata ya elfu mbili. Na pesa hizo msizihesabu kuwa ni zenu mpaka mfuko umetoka.

Fremu tutafute wapi?

Wengi wanaifikiria kwanza Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kwa sababu ya watu wengi. Ni sawa, lakini simameni nje ya fremu asubuhi ya siku ya kazi mhesabu wajawazito wanaopita, msihesabu watu. Jirani na njia ya Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha Makorora mtaona akina mama wenye kadi za kliniki mkononi. Fremu ndogo kwenye njia hiyo naiona bora kuliko fremu kubwa sokoni.

Angalieni na vitu ambavyo kwenye duka la viatu visingekuwa na maana. Je, bajaji inaweza kusimama mlangoni? Kuna ngazi ngapi? Kuna choo, hata cha kushirikiana na jirani? Mjamzito wa miezi minane akisimama juani anakuja akiwa hoi, na duka lenye choo, kiti chenye mgongo na maji ya kunywa linajulikana upesi. Wenye fremu wengi wanataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Ombeni miezi mitatu, na mkikubaliana, pateni mkataba wa maandishi wenye majina yenu wote wawili. Mtauhitaji kwenye leseni pia.

Mtaji kiasi gani unatosha?

Siwezi kuwatajia namba moja, ila nawapa njia ya kuipata. Chukueni kodi ya fremu mtakayolipa mwanzoni, ongezeni rafu, kabati, pazia la kubadilishia nguo, kioo na taa. Kinachobaki kigaweni mafungu mawili: moja linunue mzigo wa kwanza, jingine likae benki. Hilo la pili ndilo watu wanalila. Ndani ya wiki chache wateja watawaambia wenyewe saizi na vitu mlivyokosa, na kama pesa yote iko kwenye rafu, mtabaki kuwaambia "njoo mwezi ujao". Mjamzito hana mwezi ujao wa kusubiri.

Kwenye sidiria ndiko mtaji unakonasa. Tuseme mmechukua aina moja kwa saizi sita na rangi tatu, vipande viwili viwili. Tayari ni sidiria 36, na labda nusu ya saizi hizo hazitoki. Anzeni na rangi mbili, nyeusi na ya ngozi, na saizi za katikati kwenda kubwa.

Sidiria ya kunyonyeshea mteja anapimwaje?

Nalijibu hili kwa sababu vipimo vibaya ndivyo vinavyorudisha mizigo. Subirini mimba ifike mwezi wa nane. Futi ipite chini ya matiti, mama akiwa amesimama na anapumua kawaida, kisha ipite palipojaa zaidi. Mwambieni afunge kulabu ya mwisho kabisa, ile iliyolegea, kwa sababu mbavu zimetanuka na baada ya kujifungua zitarudi, naye atasogea kwenye kulabu za ndani. Kwenye kikombe ibaki nafasi ya kuingiza vidole viwili. Maziwa yakija atawashukuru. Zenye waya msimpe. Na anayepima awe mwanamke, nyuma ya pazia linalofika sakafuni.

Vibali gani vinahitajika?

Si vingi kama watu wanavyotishana. Anzeni TRA kuchukua namba ya mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bure. Jina la duka lisajilini BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, na hapo mtahitaji namba za NIDA za wote wawili. Leseni ya biashara inatolewa na Halmashauri ya Jiji la Tanga, na maombi yake yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Msikubali mtu awaambie kwamba leseni yake ya duka la vyombo inatosha kuwafunika.

Kuhusu kodi, kwa ubia kila mmoja anatozwa kwa fungu lake la faida, kwa hiyo hesabu za duka lazima zioneshe fungu la nani ni lipi. Mauzo ya mwaka yakifika milioni 11 mnatakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti, EFD. Wekeni pesa ya mashine pembeni mapema, isije ikawakuta hamna kitu.

Kuna vitu tusivyotakiwa kuuza?

Vipo, na someni hapa taratibu.

Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na TBS, shirika la viwango. Sidiria, chupi, vyote. Msidanganyike na robota zuri. Kwa nguo nyingine za mtoto mitumba inaruhusiwa, na grade ya kwanza ikifuliwa na kupigwa pasi inauzika vizuri tu.

Maziwa ya kopo, chupa za kunyonyeshea na chuchu zake zina kanuni zake za mwaka 2013, zinazofuata kanuni za kimataifa za mwaka 1981 za kulinda unyonyeshaji. Hairuhusiwi kuyatangaza, kuyapunguzia bei ili yavutie, kuyatolea zawadi wala kuyapanga dirishani kama pambo. Mimi nawashauri msiyaweke kabisa. Mama aliyejifungua juzi, amechoka, titi linauma, akiingia dukani akakuta kopo lenye picha ya mtoto mnene mbele ya macho yake, mmempa jibu kabla hajauliza swali. Mwelekezeni kwa muuguzi wa kliniki yake.

Dawa zozote, hata vidonge vya kuongeza damu, ni kazi ya duka la dawa lenye kibali. Glovu, vibana kitovu na pampu za maziwa huhesabiwa ni vifaa tiba, na msimamizi wake ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wasilianeni nao kabla hamjaagiza. Vifurushi vya kujifungulia vinatafutwa sana, kwa sababu akina mama wengi huambiwa waje na vifaa. Nyie mnaweza kuandaa sehemu isiyo na utata: kanga safi, ndoo, beseni, sabuni, pedi, nguo mbili tatu za mtoto, kofia na soksi. Sehemu iliyobaki aichukue duka la dawa.

Na krimu. Wajawazito wanauliza sana krimu za michirizi na za kung'arisha uso. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni haviruhusiwi nchini, na mjamzito ndiye mtu wa mwisho wa kumpaka. Mafuta ya nazi ya hapa hapa Tanga yanamtosha.

Sisi ni marafiki tangu shule. Kweli tunahitaji mkataba?

Mnauhitaji kuliko watu wasiojuana. Wasiojuana wanaulizana. Marafiki wanaoneana haya, na haya ndiyo inayokula duka.

Ubia hapa Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Msipoandika chochote, sheria inawachukulia kuwa mnagawana faida sawa na hasara sawa, hata kama mmoja alileta milioni tatu na mwingine laki tano na nguvu zake. Zaidi ya hapo, deni alilochukua mmoja kwa ajili ya duka ni deni la wote wawili, na mdai anaweza kumfuata yeyote. Ambianeni hilo kwa sauti, kisha mtazamane.

Mkataba usiwe na maneno makubwa. Andikeni kila mmoja ameleta nini, na visivyo pesa vipewe thamani: cherehani, kabati la nyumbani, fremu ya baba. Andikeni nani anakaa dukani na anapata posho gani kwa kukaa. Hili lina uzito wa pekee. Anayefungua mlango saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku alipwe kwanza posho yake, ndipo faida igawanywe. Mkichanganya posho na faida, wa dukani ataona anafanya kazi ya bure, na wa nyumbani ataona pesa yake imezalisha kidogo, na wote watakuwa na haki.

Wekeni kiwango cha ununuzi ambacho mmoja anaweza kufanya bila kumuuliza mwenzake. Andikeni kwamba kitu kinachotoka dukani kwenda nyumbani kinalipiwa kwa bei ya kununulia na kinaandikwa, awe ni pakiti ya nepi ya mtoto wa dada. Andikeni namna ya kuachana: mzigo utahesabiwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, na anayebaki atamlipa anayetoka kwa awamu ngapi. Andikeni na kifo. Mmoja akitangulia, warithi wake wanapata thamani ya fungu lake, hawaingii kaunta. Naombeni msilikwepe hili kwa sababu ya mkosi. Ni kumhurumia mtakayemwacha.

Waume nao watajwe. Shemeji akitoa pesa, je, ametoa mtaji, amekopesha, au amempa mkewe zawadi? Neno moja kati ya hayo matatu liandikwe siku pesa inapotoka, na yeye aweke sahihi. Tengenezeni nakala mbili, wakili azishuhudie, kila mmoja akae na yake.

Na mmoja wetu akipata mimba?

Duka lenu ni la wajawazito na ninyi ni wanawake, kwa hiyo hili litatokea. Kubalianeni sasa, kabla mtu hajaanza kutapika kaunta. Sisi tunaona ni haki kufuata likizo ile ile ya waajiriwa, siku 84, na posho iendelee japo nusu, huku msaidizi akilipwa na duka. Faida yake isiguswe, kwa sababu faida ni ya mtaji, na mtaji haujajifungua. Akirudi, aje na mtoto wake. Kutakuwa na mkeka na kitanda kidogo nyuma ya pazia, na wateja watakaa wanyonyeshe pamoja naye.

Hesabu tuziwekeje?

Daftari kubwa la mistari linatosha kuanza. Ukurasa wa kushoto ni wa vilivyouzwa: tarehe, kitu, saizi, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, pesa taslimu au simu. Ukurasa wa kulia ni wa vilivyotoka: kodi, umeme, bajaji, chai. Jioni mnajumlisha kwa kalamu nyekundu chini ya mstari, na pesa iliyo kwenye droo lazima ilingane. Ikipungua, andikeni imepungua. Msifidie kimya kimya kutoka mfukoni, maana kufidia kunaficha tatizo.

Lipa namba iwe ya jina la duka. Pesa za wateja zikiingia kwenye simu ya mmoja wenu, zitachanganyika na vocha, ada na mchango wa harusi, na hakuna atakayejua. Mara moja kwa wiki kaeni wote wawili na daftari, mhesabu mzigo rafu kwa rafu. Asiyeshinda dukani asome, anayeshinda dukani ahesabu. Wiki inayofuata mnabadilishana.

Wateja wakikopa?

Kukopa harusi, kulipa matanga. Mpe mteja utaratibu wa kuweka kidogo kidogo niliousema juu. Jamaa zenu nao wafuate huo huo, na akikataliwa na mmoja asipewe na mwingine.

Mzigo tuchukue Kariakoo au Mombasa?

Kariakoo, mwanzoni. Mabasi ya Dar kutoka stendi ya Kange ni mengi, mizigo inapakiwa bila shida, na mkipata muuzaji mwaminifu atakuwa anawatumia kwa basi mkimlipa kwa simu. Nendeni wote wawili safari ya kwanza, ili kila mmoja azijue bei na uso wa muuzaji.

Mombasa ni karibu zaidi na inavutia. Kwenye mpaka wa Horohoro kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Tatizo ni kwamba unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya jumuiya, na nguo nyingi za watoto mtakazoziona Mombasa zimetoka China, kwa hiyo zinalipiwa ushuru wa kawaida. Pigeni hesabu na ushuru ukiwa ndani. Njia za panya msiziguse. Mzigo ukikamatwa, mtaji wa wawili umekwenda siku moja.

Tunaweza kupata mkopo wa halmashauri?

Ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, hauna riba. Lakini unatolewa kwa vikundi, na wawili si kikundi. Mkijiunga na mafundi wanaowashonea mnaweza kufikia idadi, ila lazima kikundi kiwe cha kweli. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza.

Mteja amepoteza mtoto, ndugu amerudisha mfuko. Tufanyeje?

Rudisheni pesa yote, siku hiyo hiyo, hata kama mlitangaza kuwa kilichouzwa hakirudishwi. Msiulize kilichotokea. Semeni poleni, pokeeni mfuko, hesabuni pesa, basi. Vitu visirudi kwenye rafu ya mbele siku hiyo. Futeni na namba yake kwenye orodha ya matangazo ya nguo za watoto, msije mkamtumia picha ya soksi wiki ijayo. Fungu la kurudisha pesa za namna hii tunalitenga kila mwezi, na hatujawahi kulijutia.

Tutangaze vipi mtandaoni?

Picha za nguo kwenye henga, bei ikionekana, saizi zilizopo, na mahali mlipo kwa alama ya karibu. "Bei njoo inbox" inawachosha watu. Wajawazito wengi wanaperuzi usiku wakikosa usingizi, basi jibuni asubuhi mapema.

Picha ya mteja na tumbo lake msiiweke bila ruhusa yake ya wazi, hata kama amevaa nguo yenu na amependeza. Daftari lenu la mifuko lina majina, namba za simu na miezi ya kujifungua, na hizo ni taarifa za afya za watu, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tanga ni mji wa watu wanaojuana. Mwanamke anaweza kuwa amekuambia wewe wa dukani kabla hajamwambia mama mkwe. Daftari hilo likae kwenye droo yenye kufuli, na funguo ziwe mbili tu.